Kona ya Chini Kulia

Kaka yangu si bubu. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unamwita Fundi Bubu, na wanaomwita hivyo ndio haohao wanaolalamika kwamba kicheko chake kinawaamshia watoto. Kaka ni kiziwi. Hasikii, basi. Sauti anayo, tena nene, na akichekeshwa anacheka mpaka mshono unapinda. Lakini ukimweleza mtu hivyo anakuitikia, "Sawa, dada, nimekuelewa," kisha anamgeukia mwenzake na kumwambia apeleke suruali kwa bubu ikapunguzwe urefu. Nimegombana na watu wengi kwa neno hilo na sijamaliza.

Viziwi wenzake hawamwiti hivyo. Wao wana desturi ya kupeana majina ya mikono, na ukishapewa lako huna pa kulirudisha. Kaka anaitwa Mkasi: vidole viwili vinavyokata hewa chini ya kidevu. Alipokuwa shule ya viziwi aliikata suruali ya sare ikawa kaptura, akaadhibiwa, halafu mwalimu aliyemwadhibu akamletea ya kwake aipunguze kiuno. Wifi yangu naye ni kiziwi, walijuana hukohuko shuleni, na jina lake ni Kishimo: kidole kimoja shavuni, pale panapobonyea akicheka. Mimi nasikia vizuri, lakini sikuachwa. Mimi ni Birika. Vidole vinachezeshwa juu ya kichwa kama mvuke wa maji yanayochemka. Si kwa ubahili, wenye mkono wa birika ni wengine. Ni kwa hasira. Nilipewa jina hilo nikiwa bado mtoto, na mpaka leo hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Hasira yenyewe niliianzia nyumbani. Kwetu wote walikuwa wasemaji. Baba akitoa kisa wakati wa chakula, watu wanavunjika mbavu, na kaka anaangalia vinywa vinavyocheka, kisha anamvuta baba mkono: kuna nini? Baba anasukuma kidole mbele, mara mbili, bila hata kumtazama. Baadaye. Nitakwambia baadaye. Mjomba, baadaye. Mama, ambaye alikuwa na huruma kuwashinda wote, baadaye mwanangu. Ndilo neno la kwanza kaka alilojifunza kulisoma mdomoni mwa mtu, na hata leo analitambua ijapokuwa msemaji amegeuza uso nusu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimweleza, kwa alama tulizojitungia wawili chini ya meza, huku chakula changu kikipoa.

Kwa hiyo mkalimani wa lugha ya alama alipoanza kutokea kwenye televisheni, katika taarifa ya habari ya mchana, kaka alisogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusa kioo. Mkalimani alikuwa mwanamke wa makamo, amesimama ndani ya kisanduku kidogo kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Kila alichosema msomaji wa habari, yeye alikisema kwa mikono papo hapo. Kwa mara ya kwanza kaka alijua jambo wakati uleule baba alipolijua. Siku moja alimkatiza baba mbele ya wageni, akamwonyesha kwamba amekosea, kilichoshuka bei ni mafuta ya taa, si dizeli. Baba alinung'unika wiki nzima, na mimi nilikula raha.

Kaka ndiye aliyempa yule mwanamke jina. Alimwita Kola: vidole viwili vinabana ncha ya kola ya shati. Mkalimani alivaa mashati yenye kola ndefu, na ncha ya kushoto ilikuwa haitulii, inainuka kama imeshtuka. Kaka, ambaye wakati huo tayari alikuwa fundi cherehani, alitazama vita, mafuriko na mikutano ya wakubwa, kisha akaniuliza, "Huyu mama anashonewa na nani?"

Halafu kituo kikamwondoa. Sababu waliyoitoa ni kwamba watazamaji wamelalamika: kisanduku chake kinaziba matokeo ya mpira yanayopita chini ya kioo. Lakini viziwi wasiwe na wasiwasi, walisema, maana mkalimani sasa atapatikana kwenye simu. Kituo na kampuni moja ya simu walikuwa wameanzisha huduma ya kutazama televisheni mkononi, bure kabisa, uwe na bando tu. Nilichemka siku hiyo mpaka majirani wakajua. Yaani kaka yangu ahamishwe sebuleni kwa ajili ya mabao?

Kaka akanituliza. Yeye aliona kapata. Kibanda chake kilikuwa katika soko kuukuu, mstari wa mafundi: cherehani mbili, ya kwake na ya wifi, meza ya kukatia, pasi, na kipande cha kioo kilichotundikwa ili aone anayeingia nyuma yake. Wateja walikuwa wanajua kwamba hawapigi hodi, wanagonga meza, naye anauhisi mtikisiko kwenye mapaja. Zamani ilibidi afunge kibanda mchana aende nyumbani kutazama habari. Sasa aliegemeza simu kwenye boksi la uzi, Kola akatokea, mdogo kama ukucha wa kidole gumba lakini mzima. Saa hiyo cherehani zote mbili zilisimama. Fundi anayesikia anaweza kushona huku anasikiliza redio, lakini kaka na wifi wakitaka habari lazima watoe macho, na wakitoa macho mikono haina kazi. Wateja walilizoea hilo wakasubiri.

Hali ilienda hivyo mpaka siku moja kaka alipoipeleka simu kwa fundi simu, akidhani kioo kimeharibika. Fundi aliigeuza, akaipangusa kwa fulana, akacheka, kisha akamwandikia kwenye simu hiyohiyo: "Iko nzima. Hilo ni tangazo. Ndiyo bure yenyewe hiyo."

Tangazo lilikuwa kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Msichana mwenye vipokea sauti masikioni alikuwa akicheza dansi, na chini yake maneno ya njano: Simu yako iko kimya? Pata mlio mpya kila wiki. Lilimfunika Kola kuanzia kifuani kushuka chini. Zilibaki nywele, uso na kola. Kwenye pembe palikuwa na alama ya kulifunga, ndogo kiasi kwamba ukiigusa kwa kidole cha mtu mzima unafungua duka la milio na bando linaondoka. Ukibahatika likafungika, linarudi Kola hajamaliza hata sentensi.

Hebu fikiria vizuri. Wanauza milio ya simu. Wanamuuzia nani? Kiziwi. Na wameibandika juu ya mikono inayomsemesha. Nilipoelezwa nilidhani kaka anatia chumvi, mpaka nikaona kwa macho yangu.

Mimi napika katika shule ya bweni nje ya mji, narudi mwisho wa wiki. Ningekuwa karibu, nisingeruhusu mambo yafike yalikofika. Kaka na wifi hawakuacha kutazama. Walianza kusoma habari kwenye uso wa Kola. Nyusi zikipanda, jambo zito. Mashavu yakivimba, kitu kikubwa au watu wengi. Zaidi wakaangalia picha, wakaunganisha. Mara nyingi walipata, na walipokosa walichekana wenyewe. Walikuwa kama mtu anayekisia chakula kwa kunusa mfuniko.

Jumatatu moja picha zilionyesha soko lao. Likaonekana rundo la taka nyuma ya mabucha, ukaonekana mfereji ulioziba, akaonekana mkubwa wa soko amesimama mbele ya vibanda akinyoosha kidole, amekunja uso. Nyusi za Kola zilikuwa juu kabisa. Kaka na wifi wakaangaliana na kukubaliana: ukaguzi wa usafi. Mwaka uliopita ulikuwapo, na wenye vibanda vichafu walifungiwa. Siku hiyohiyo wakanunua chokaa. Wakapaka kibanda mbele na ubavuni, wakaosha kibao cha jina, wakafagia mpaka mbele ya jirani. Walipaka juu ya chokaa ya kwanza, wakangoja wakaguzi.

Mkubwa wa soko hakuwa amesema habari ya usafi. Alisema soko kuukuu linabomolewa. Kila mwenye kibanda aende ofisini kabla ya Ijumaa jioni aandikishwe, apewe nafasi katika soko jipya, na asiyekuja asilaumu mtu. Gari la matangazo lilipita asubuhi na jioni na vipaza sauti vyake. Kaka alikuwa juu ya kigoda, brashi mkononi. Dereva alimpungia, naye akampungia.

Jumamosi nilifika na mfuko wa mboga, nikakuta kibanda kinang'aa na wifi ameshika ufagio. Niliwasifu. Jirani yao wa kushoto, Mzee wa Ndoo, muuza ndoo na mabeseni, alikuwa anafunga bidhaa zake kwa kamba.

"Karibu, mama," akaniambia. "Nyinyi mna moyo. Kupaka chokaa kibanda kinachobomolewa."

Nikacheka, nikijua anatania kama kawaida yake. "Kinabomolewa na nani, mzee?"

"Si soko lote linaondoka? Nyinyi wamewapa wapi kule, mstari wa mbele au wa nyuma? Mimi wamenitupa nyuma, karibu na vyoo, lakini afadhali nimepata."

Nikaweka mfuko chini. Nikamwuliza polepole, akanieleza yote: tangazo, foleni, siku ya mwisho. Jana.

"Na huyu hukumwambia?"

"Nilijua anajua. Nilimwona anapaka chokaa, nikasema huyu kashaandikishwa siku ya kwanza, ndiyo maana hana haraka."

"Ulimwuliza?"

"Ningemwulizaje, mama, na mimi mikono yao siijui?"

"Kidole unacho. Ungemwonyesha foleni."

Akarudi kwenye kamba zake. Si mtu mbaya. Miaka na miaka ameazima mkasi wa kaka na kuurudisha. Lakini mstari mzima wa mafundi ulipita mbele ya kigoda kile kwenda kujipanga, na hakuna hata mmoja aliyegonga ile meza. Hilo sitawasamehe, na nimewaambia.

Nilimweleza kaka kwa mikono, maneno machache, kwa sababu habari mbaya hazihitaji mengi. Wifi aliuegemeza ufagio ukutani. Kaka akaitazama chokaa, akaitazama mikono yake yenye chokaa, kisha akaniambia, "Lakini nilitazama. Taarifa ile niliitazama mpaka mwisho."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda wawili ofisi ya soko. Karani alikuwa mpole na mchovu. Nafasi zimekwisha, alisema. Walioandikishwa ni wengi kuliko vibanda, na kuna foleni ya waliochelewa. Nikamweleza kwamba kaka hasikii gari la matangazo.

"Tulilifikiria hilo, mama," akasema. "Ndiyo maana tulipeleka tangazo kwenye televisheni pia. Ilitangazwa mpaka kwa lugha ya alama."

Damu ilinipanda. Mpaka kwa lugha ya alama. Maana yake kaka yangu hana hata haki ya kulalamika: aliambiwa kwa lugha yake mwenyewe, hakujali. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Huduma ile ya simu inahifadhi taarifa zilizopita, nikamwambia aifungue ya Jumatatu ile. Tukaiona pamoja. Rundo la taka, mfereji, mkubwa na kidole chake. Mimi nilisikia kila neno. Kwenye kona, kola, nyusi, na yule msichana anayecheza dansi. Mlio mpya kila wiki.

"Twende kwao," nikamwambia kaka.

Akauliza twende kwa nani.

"Kwa wenye kona."

Ofisi ya huduma ile ilikuwa ghorofani, katika jengo la kituo cha televisheni. Mapokezi walituzungusha kidogo, kisha wakaona sura yangu wakatupeleka kwa kijana wa mauzo. Kijana nadhifu, mwenye adabu. Alitupa maji, akamvutia kaka kiti. Ningependelea awe mjeuri, ingekuwa rahisi kwangu. Nilisema yote huku namtafsiria kaka, na yule kijana alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake.

"Mama, pole sana," akasema. "Kwanza niseme, nyinyi ni wateja muhimu mno kwetu. Siwapaki mafuta. Ngoja niwaonyeshe."

Akageuza kompyuta yake. Kulikuwa na mistari ya rangi, mingi mifupi na mmoja mrefu.

"Shida ya biashara hii ni kwamba watu hawatulii. Mtu anafungua tamthilia, dakika mbili amehama, ujumbe umeingia, amepigiwa, ameingia kwingine. Mwenye tangazo hawezi kulipia mtu wa namna hiyo. Wengi waliojaribu televisheni ya simu wamefunga. Sisi tulikaribia kufunga." Akaweka kidole kwenye mstari mrefu. "Hii ni taarifa ya mchana yenye mkalimani. Hawa wakiingia hawatoki. Hawagusi kioo. Wanatazama mwanzo mpaka mwisho, kila siku. Hakuna kipindi kingine chenye watazamaji kama hawa. Kwa kweli, mama, ninyi ndio mnaoibeba huduma hii."

Nilimtafsiria kaka. Akauliza, nami nikasema kwa sauti: "Anauliza, mnajua kwa nini hatutoki?"

"Uaminifu," kijana akasema. "Tunauita uaminifu."

"Hatoki kwa sababu akiondoa macho habari imekatika," nikasema. "Wewe unasikiliza redio huku unafunga viatu. Yeye habari anaipata kwa macho tu. Na nyinyi mmeona macho yametulia mahali, mkasema, hapo hapo, tupabandike."

"Hatukubandika kwa makusudi, mama. Kona ile ndiyo iliyokuwa wazi. Juu kuna vichwa vya habari, kushoto kuna nembo na saa. Kioo cha simu ni kidogo, kila kitu kinagombania nafasi."

"Wazi? Kuna mtu amesimama pale."

"Namaanisha wazi kwa watazamaji wa kawaida."

Hilo sikulitafsiri mara moja. Kaka alinigusa goti, nikalitafsiri. Hakuonyesha kitu usoni.

Nikamwomba kijana aliondoe tangazo katika taarifa ile moja tu. Akasema mkataba wa milio ya simu unakwenda mpaka mwisho wa mwaka, na ndio unaolipia taarifa yenyewe, pamoja na mshahara wa mkalimani. Likiondoka tangazo, ataondoka na mkalimani. Kisha akapata wazo, na uso wake ukachangamka kweli. "Lakini mnaweza kununua kifurushi kisicho na matangazo. Ukikinunua, kona inabaki safi."

Yaani wamuuzie mikono. Waliitoa kwenye televisheni ambako ilikuwa ya kila mtu, wakaileta kwenye simu, wakaifunika, sasa wanamuuzia kuifunua. Nilisimama. Nilimwambia kijana yale mama yake angemwambia, na mengine ambayo mama yake asingeyasema mbele za watu. Nilimwambia kaka yangu hana nafasi sokoni kwa sababu mlio wa simu ulikuwa na nafasi. Alisikiliza, mashavu yamemwiva, na nilipotua kupumua akasema, "Nimeelewa, mama. Nitalipeleka juu. Tutaliangalia baadaye."

Kaka alishainuka. Sikuwa nimeinua hata mkono kutafsiri.

Kwenye ukumbi wa nje tulikutana na mwanamke amebeba shati kwenye hanga. Kaka alisimama ghafla. Akabana ncha ya kola yake mwenyewe kwa vidole viwili, akatabasamu kwa uso mzima. Yule mwanamke hakuelewa. Ndiyo, alikuwa yeye, na hakujua kwamba ana jina. Kaka akamweleza kwa mikono: wewe ni Kola, sisi wote tunakuita hivyo. Mkalimani alicheka mpaka akaziba mdomo kwa hanga. Akauliza kama kaka anamtazama.

"Kila siku," kaka akamjibu. "Siku hizi ninaona kola tu. Ile ncha ya kushoto wameshaitengeneza. Hongera kwa fundi wako."

Kola akadhani ni utani. Kaka akatoa simu, akamwonyesha. Kumbe yule mama husimama peke yake mbele ya kamera, katika chumba kitupu, wala hakuwahi kujitazama kwenye simu. Ya kwake ya mkononi ni ile ya kupiga na kupokea tu. Alitazama taarifa ile ya soko, akatazama uso wake mwenyewe umeinua nyusi, na chini yake msichana anacheza. Alirudisha nyuma akatazama tena. Kisha akamwuliza kaka kilichotokea, naye akamweleza bila kuongeza wala kupunguza. Mpaka na chokaa. Mkalimani alimshika mkono kwa muda, na watu wanaozungumza kwa mikono wakishikana mikono, mazungumzo yanasimama.

Soko kuukuu lilibomolewa mwisho wa mwezi. Kaka sasa yuko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo mlinzi alikuwa anaweka baiskeli. Inatosha cherehani moja. Ya wifi iko nyumbani, anashonea kitandani. Meza ya kukatia haikuingia, kwa hiyo mteja mgeni hana pa kugonga, anaita mara mbili tatu, anaona hajibiwi, anaenda zake. Nimemwandikia kibao kikubwa: FUNDI HASIKII, MGUSE BEGA. Watu wanaogopa kumgusa mtu bega. Kushika simu ya mtu na kuchungulia hawaogopi.

Shule ilipofunga nikaenda kukaa naye mchana mmoja. Aliegemeza simu ukutani, taarifa ikaanza, na Kola alikuwa ameinua mikono yote miwili juu. Nilishtuka, nikadhani ametishiwa na mtu. Kisha nikaona anaongea. Alikuwa anasema habari nzima juu ya tangazo, kuanzia kidevuni kupanda mpaka juu ya nywele, kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba ya juu mno. Maneno yanayosemwa kifuani aliyahamishia usoni. Kaka alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Amesema mkubwa fulani anaumwa moyo," akaniambia, "na moyo uko shavuni." Alikuwa akifanya hivyo tangu mwanzoni mwa wiki, kaka alisema. Habari za michezo zikifika, mwishoni kabisa, mikono yake imeshachoka. Wakubwa wake wameshamwita ofisini, na bado anainua.

Basi siku hiyo, baada ya habari za wakubwa, lilikuja soko jipya. Limefunguliwa. Utepe ukakatwa. Nikamwona Mzee wa Ndoo, amechana nywele, mabeseni yake yamepangwa kwa rangi. Kisha mstari wa mafundi, na mgeni rasmi ameingia katika kibanda kimoja, amenyoosha mikono, anapimwa koti mbele ya kamera. Fundi anayempima simjui. Meza ya kukatia ilikuwa pana na mpya.

Niliweka kiganja changu juu ya kioo. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Na mkono uliobaki, huu wangu, uliokuwa ukimweleza chini ya meza wakati wengine wote wakimwahirisha kwa kidole, ukasukuma hewa mbele mara mbili. Baadaye. Nitakwambia baadaye.

Kaka alinitazama. Alinishika kifundo cha mkono, akauondoa kwenye simu taratibu, akauweka juu ya goti langu. Halafu akanionyesha kwa kidole, karibu na uso wangu, nisije nikakosa kuona.

"Na wewe?"

Nikauacha mkono palepale gotini, mimi mwenye majibu ya mtaa mzima. Alishaigeukia simu pale ukutani. Kola alikuwa bado hajashusha mikono, na kaka alitaka kujua yule fundi amesema nini.